Kitambaa cha Idi

Idi ya mwaka huu tuliila nyumbani kwa binamu yangu Fowsia, mtaa wa Lozells, na ilikuwa ya kwanza bila Eedo Shamso. Watoto walikuwa wamejazana kwenye ngazi na simu zao, wanaume walikuwa bado msikitini wakikumbatiana kama watu waliopotezana miaka, na jikoni iliki na vitunguu vilikuwa vimetoa moshi mwingi hata king'ora cha dari kikafungwa mfuko wa plastiki tangu asubuhi. Fowsia alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati la shuka, nusu ya mwili wake imeingia ndani. "Nimo," akaniita kwa jina langu bila kutoa kichwa, "kile kitambaa cha Idi kiko wapi? Kile kirefu cheupe, chenye zabibu. Kila mwaka nilikuwa nikimuuliza Eedo ananiambia kiko kwa dobi. Dobi gani huyo? Birmingham nzima sijawahi kumwona dobi hata mmoja." Nilikuwa nimeshika sinia la biriani kwa mikono miwili na sikuwa na pa kulitua. Nikamwambia kiko kwa wenyewe. "Wenyewe kina nani?" Nikasema tule kwanza, nitamweleza tukiosha vyombo. Basi tukatandika nailoni ya maua, ile inayouzwa kwa mita sokoni, na wakati wote wa kula nilikuwa naitazama ile nailoni na kuona kitu kingine.

Eedo ni shangazi kwa Kisomali. Naye aliniita eedo vilevile, maana kwetu jina hilo huenda na kurudi, mkubwa humpa mdogo na mdogo humrudishia. Nilifikaje nyumbani kwake ni hadithi yenye mume ndani yake, na mume huyo hastahili ukurasa. Itoshe kwamba nilikuwa na miaka ishirini na miwili, paspoti yangu ilikuwa imelala kwenye meza ya ofisi ya uhamiaji, na mimi nilikuwa nimelala kwenye sofa ya Eedo huko Shard End, mwisho kabisa wa mji upande wa mashariki, mahali ambapo basi likifika dereva huzima injini akanywa chai yake. Kazi sikuruhusiwa. Kusafiri sikuruhusiwa. Eedo naye kiharusi kilikuwa kimempitia upande wa kushoto, mguu ukawa wa kuburuta, na watu wa halmashauri walikuwa wamemteremshia kitanda sebuleni kwa sababu ngazi hakuziweza tena ila kwa bega langu. Hivyo tulikuwa wafungwa wawili wa chumba kimoja, mmoja wa mguu na mmoja wa karatasi. Kitanda hapa, sofa pale, katikati meza ya dawa, na dirisha moja lililotazama maegesho ya magari, ambapo palikuwa na gari jekundu lisilo na magurudumu ambalo nililitazama mwaka mzima mpaka nikawa najua kutu yake imefika wapi.

Mimi ni mtu wa ndoto za mchana, nilizaliwa hivyo. Shule yenyewe niliiacha kidato cha pili, na mwalimu wa hesabu alishawahi kuniuliza mbele ya darasa kama nauli ya kurudi kutoka huko niliko ninayo. Lakini hata ndoto zinahitaji pa kukanyagia, na mwaka ule nilianza kuishiwa. Nilijifunza sauti ya kifuniko cha tundu la barua kama mtu anavyojifunza sauti ya mwanawe akilia. Kikilia, naruka. Ni karatasi ya pizza. Kikilia tena, naruka tena. Ni karatasi ya mtu anayesafisha mifereji ya paa. "Tulia, eedo," Eedo alikuwa akisema kutoka kitandani, tasbihi mkononi. "Barua ikiwa yako hata ukilala itakungoja." Na mimi nikimjibu, "Eedo, ikinikuta nimelala itadhani nimehama." Tulicheka. Tulikuwa tunacheka sana, nisiseme uongo. Lakini jioni ikiingia saa kumi kasoro, kama inavyoingia huku wakati wa baridi, na taa za maegesho zikiwaka, kuna mkono ulikuwa unanibana hapa kifuani, na nilijua Eedo anao wa kwake pia kwa sababu tasbihi ilikuwa inasimama.

Kutoka kwetu kulikuwa mara moja kwa mwezi, kwenda mazoezi ya mguu kwenye hospitali kubwa karibu na Harborne. Lilikuja gari la wagonjwa, lile lisilopiga king'ora, likatupitisha mji mzima. Siku moja ya joto tulisimama kwenye taa pale Harborne, barabara yenye maduka na mikahawa, na watu walikuwa wamekaa nje kwenye viti vidogo, sahani mbele yao, nyuso wamezielekeza juani kama alizeti. Eedo akawatazama mpaka taa ikageuka kijani. "Marisello sasa hivi tungekuwa tumekaa nje," akasema. Nikamuuliza Marisello ni nini. Akafunga dirisha. Nilichojua mimi, na ukoo mzima, ni kwamba Eedo alikulia Mombasa, kisha akakaa Italia miaka kumi na mmoja akimtumikia bibi mmoja mzee, kisha kaka yake, baba yake Fowsia, akafariki hapa Birmingham, naye akaja kulea watoto. Hayo yalisemwa kwa pumzi moja na hakuna aliyewahi kuongeza.

Sasa kitambaa. Idi Kubwa ya mwaka ule, majani yalipoanza kupukutika, Fowsia alileta Idi yote Shard End kwa kuwa Eedo hawezi kwenda kwake. Alileta masinia, watoto, mito ya kukalia, na akaenda moja kwa moja kabatini akatoa kile kitambaa. Kilikuwa kizuri, jamani. Kitani kizito cheupe, karibu mita tatu urefu lakini chembamba, kana kwamba kilikatwa makusudi kwa ajili ya watu kukaa chini pande mbili wakala. Pembezoni kilidariziwa masuke ya ngano na vichala vya zabibu kwa uzi mweupe juu ya weupe, na ncha zote mbili zilikuwa na lesi. Na katikati kilikuwa na historia yetu. Doa la manjano la biriani ya mwaka fulani, duara la chai ya maziwa, samli hapa, samli pale. Fowsia alikitandika akakipapasa kwa kiganja. "Bila hiki si Idi," akasema. Eedo alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, na nilimwona akitazama dirishani.

Walipomaliza kula Fowsia akawapeleka watoto bustanini, na mimi nikabaki nimechuchumaa naokota punje za wali. Hapo akaingia jirani yetu Mama Beni, Mkongo wa Bukavu, mama wa kanisa na mwenye sauti ya kanisa, amekuja kuturudishia sahani na ndani ameweka maandazi yake, maana yeye hakurudisha sahani tupu kamwe. Hatua mbili ndani ya mlango akasimama.

"Aah! Mama Shamso. Munakulia juu ya hii?"

"Karibu, Mama Beni," Eedo akasema haraka. "Nimo, mpe mgeni kiti."

"Kiti hapana. Ngoja kwanza." Akainama, akashika ile lesi kwa vidole viwili. "Hii ni kitambaa ya altare, meza ya padri. Miye nilikuwaka nafula hizi na sabuni kwetu, kila juma, miaka na miaka. Ngano, zabibu, urefu huu. Sasa munaweka mchele?"

Mimi nikacheka, nikadhani ni mzaha wa kikwao. Kisha nikamtazama Eedo na kicheko kikanikauka, kwa sababu shangazi yangu, mwanamke aliyemtimua mtu wa mita ya umeme kwa fimbo, alikuwa amejifunika uso kwa mkono wake mmoja mzima. Mama Beni naye akaona. Akaweka sahani ya maandazi mezani polepole, kati ya dawa. "Miye sikuona kitu," akasema. "Mudomo yangu iko na kifuniko." Akaondoka, na mpaka leo kifuniko hakijafunguka.

Eedo aliswali alasiri akiwa amekaa, na alipotoa salamu kulia na kushoto akanieleza yote, uso umeelekea ukutani. Marisello ni mji mdogo wa pwani wenye makanisa matatu ya kale, mji ambao ukipiga chafya mwisho huu, wa mwisho ule wanakuombea afya. Wanawake wa pale husafisha makanisa kwa zamu. Zamu ya bibi aliyemtumikia, Signora Ines, ilikuwa Jumatatu, yeye na jirani yake Rosaria. Magoti ya Signora yakakataa, na Eedo akachukua ndoo akaenda badala yake, wiki moja, kisha nyingine, kisha miaka kumi na mmoja. Alikwenda na shungi lake kichwani, na wazee wa mji wakadhani ni ucha Mungu tu, maana bibi zao nao walijifunika. Zaidi ya Signora, Rosaria peke yake alijua yeye ni Mwislamu, kwa sababu ya nyama ya nguruwe asiyoila, na hakuona tatizo. "Vumbi halina dini," alikuwa akisema. "Na mimi nilikuwa nikiwaambia malaika wangu wawili wa mabegani," Eedo akasema, "andikeni vizuri: anafuta, hasujudu." Sikukuu ya mtakatifu wa bandarini ikakaribia, Eedo akapeleka kitambaa cha altare nyumbani kukifua na kukipiga pasi, kama ilivyo desturi. Siku hiyohiyo ikaja simu kwamba kaka yake amefariki. Akapakia sanduku kwa saa moja, kila kilichokuwa juu ya kitanda, na kitambaa kilikuwa juu ya kitanda. Mazishi yakapita, matanga yakapita, sanduku halijafunguliwa lote. Ikaja Idi ya kwanza ya wale watoto bila baba. Eedo alikuwa jikoni. Aliporudi sebuleni na sinia, wageni wameshakaa pande mbili, na Fowsia, miaka kumi na mmoja, ambaye hakuwa ametabasamu tangu kaburini, amesimama katikati amenyoosha mikono. *Eedo, tazama nilivyopamba!*

"Ningesema nini?" Eedo akaniuliza. "Nimwambie mtoto toa, hicho ni cha kanisa? Halafu wale wageni waniulize, na wewe kanisani ulikuwa ukitafuta nini? Nikatua sinia. Nilipotua sinia, eedo, nilijifungia mlango mwenyewe. Mwaka uliofuata akakiomba, na uliofuata. Ile ni amana. Wenyewe hawajui iko wapi. Nikifa nayo kabatini Mungu ataniuliza, na sitaweza kumwambia nilikuwa namfurahisha Fowsia."

Nikasema tukitume posta, ni jambo la siku nne. Akageuka akanitazama kana kwamba nimependekeza tumtume yeye. "Amana hairudishwi na mtu asiyeijua. Na hairudi chafu." Hivyo ndivyo tulivyoanza. Anayeweza kwenda alikuwa mimi peke yangu, na mimi sikuwa na paspoti. Anayejua kusafisha alikuwa yeye peke yake, na yeye hakuwa na mkono wa pili. Kukianika nje uani hatukuweza, kwa kuwa Fowsia alikuwa akiingia wakati wowote na funguo zake, na akikiona kwenye kamba angeuliza. Nikafanya kazi ndani, kwa amri kutoka kitandani. Samli ilitoka kwa karatasi ya kaki, unaiweka juu na chini ya doa, unapitisha pasi ya moto, na karatasi inakunywa mafuta mpaka inang'aa. Nta ya mishumaa ndivyo walivyoitoa kule. Chai ilitoka kwa ndimu na uvumilivu. Manjano yakakataa. Sabuni, siki, maji ya moto, yalikataa yote, na nikakumbuka kwetu mama alikuwa akianika shuka zenye manjano juani mpaka jua linayala. Lakini jua la Shard End wakati wa baridi! Liliingia kwenye dirisha letu saa tatu na nusu asubuhi, siku linapojisikia, likakaa kwenye sakafu ukubwa wa mkeka wa kuswalia, likaondoka kabla ya saa tano. Nililifukuza na kiti. Nimetandaza doa mgongoni mwa kiti, nimelilowesha, jua likisogea nasogeza kiti, Eedo akihesabu wingu. "Linakuja, linakuja, kushoto kidogo. Basi, limekwenda."

Na kila Jumatatu, baada ya chai, alikuwa akisema, "Shika ndoo." Ndoo haikuwepo. Tulikuwa tunakwenda Marisello. Nilisimama katikati ya sebule nikamfuata kwa maneno yake, na sofa ilikuwa viti vya Mtakatifu Nikola bandarini, kanisa ambalo darini pamening'inizwa merikebu ndogo za mbao, zilizotolewa na mabaharia walioponea baharini, na kila moja yafaa ifutwe kwa unyoya kwenye fimbo ndefu bila kuizungusha. Jikoni palikuwa Santa Chiara, kanisa la watawa, lenye dirisha la mbao la vitundu vidogo ambapo watawa waliona bila kuonwa. Ngazi zetu, zile asizoweza kuzipanda, zilikuwa ngazi mia na kumi za kupandia kwa Bikira wa Theluji, katika mji ambao theluji haijawahi kuugusa. "Fungua mlango wa bahari," alikuwa akisema mwisho, na mlango wa bahari, ule wa Mtakatifu Nikola unaotazama maji, ulikuwa ukuta wetu wa upande wa dirisha. "Una chumvi, umevimba. Tumia bega." Nikausukuma ukuta kwa bega. Hapo tu ndipo nilipopumua vizuri wiki nzima. Maneno yangu yote ya Kiitaliano niliyapata hivyo, nayo yalikuwa ya usafi: ndoo, ufagio, pasi, nta, vumbi, bado kuna vumbi.

Mwezi wa pili nilimsikia Fowsia jikoni, simu begani, mikono ndani ya sinki. Si mwanamke mbaya, Fowsia. Alikuwa na watoto wanne, kazi ya zamu na mwili mmoja. "Hapana, sikiliza," alikuwa akimwambia mtu. "Yule msichana akipata karatasi zake ataruka siku hiyohiyo, hata mimi ningeruka. Nimeshaomba Eedo apate nafasi kwenye nyumba ya wazee. Wakikubali, wanatupa wiki mbili, nitakuja na mifuko nisafishe kabati zote." Nikarudi sebuleni kwa vidole vya miguu. Eedo alikuwa macho. Kuta za nyumba zile ni za karatasi. "Umesikia," akasema. Nikasema nimesikia. Kisha akasema jambo ambalo hakulirudia tena: "Usiruke kabla ya kitambaa."

Barua ilikuja Jumanne moja ya mwezi wa tatu, na nilikuwa chooni juu, kwa hiyo aliyesikia kifuniko ni Eedo. Nilipokuwa nashuka nikamkuta sakafuni. Alikuwa amejiburuta kutoka kitandani mpaka mlangoni, amekaa ameegemea ukuta, bahasha ya kahawia kifuani, na anacheka kwa sababu hawezi kuinuka. Paspoti ilikuwamo, na ruhusa. Nilimwinua, tukalia kidogo, tukanywa chai, na wakati wote wa chai hakuna aliyetaja kuruka. Mwishowe nikasema, "Nitaenda Marisello, kisha nitarudi." Akasema, "Watu husema hivyo." Nikasema, "Mimi ni mtu wa ndoto, Eedo, si mtu wa uongo." Viza ya Italia ilikula miezi miwili mingine na picha nne zisizotabasamu. Nikapewa siku tisa. Jua nalo lilikuwa limerudi, likakaa dirishani mpaka saa sita, na doa likaanza kufifia, kutoka rangi ya kiini cha yai kwenda rangi ya siagi, kutoka siagi kwenda kitu ambacho ungekiona tu ukiambiwa kipo. Usiku wa kuamkia safari Eedo alikitazama chini ya taa, akasema bado kipo. Tukakifunga kwenye karatasi ya kaki hivyohivyo.

Nilifika kwa basi dogo linalopita ukingoni mwa bahari, Jumapili mchana, na nikashuka kwenye mji niliokuwa nimeuzunguka mara nyingi bila viatu. Naweza kusema nini? Ulikuwa mdogo kuliko sebule yetu. Duka la mkate alilonisimulia Eedo lilikuwa limegeuka duka la simu. Santa Chiara ilikuwa imefungwa kwa mbao tangu watawa walipokwisha, na nilichungulia kwenye ufa nikaona giza tu na lile dirisha la vitundu. Ngazi za Bikira wa Theluji nilizihesabu, zilikuwa tisini na sita, nikafurahi peke yangu pale juu kwa sababu hizo kumi na nne zilizopungua zilikuwa magoti ya Eedo. Ndani palikuwa na ubaridi na harufu ya nta na maua yaliyozidi siku moja. Mabibi wawili walinisalimia kwa kichwa. Nilikuwa na shungi langu, nao walikuwa na vitambaa vyao. Nilidhani nitahisi kufunguliwa, kwa kuwa bahari ile yote ilikuwa mbele yangu na hakuna aliyeniuliza karatasi. Lakini kifurushi kilikuwa kwapani na nilitembea nacho kama mtu aliyefungwa mkono kwa kamba, na upande wa pili wa kamba ni kitanda kimoja Shard End.

Jumatatu asubuhi nikaingia Mtakatifu Nikola. Merikebu zilikuwepo, zote, zinaning'inia kama zilivyosemwa. Bibi mnene mwenye viatu vya mpira alikuwa anapiga deki akijisemea, na nilijua ni Rosaria kabla hajainua uso, kwa jinsi alivyokamua tambara. Nikasema jina la Eedo. Wao hulitamka kwa kulivuta, "Sciàmso", na ndivyo nilivyolisema. Deki ikasimama. Nikafungua karatasi ya kaki juu ya kiti. Akakitazama kitambaa, akafuata zabibu kwa kidole, akakuta doa hata bila kuambiwa, kisha akaanza kusema kwa kasi na kutikisa kichwa, na katika yote hayo neno nililolielewa lilikuwa moja tu, "pasi". Nikapiga simu ya picha nyumbani. Mama Beni alikuwa amekaa na Eedo siku zile, ndiye aliyeishika simu, na uso wa shangazi yangu ukatokea, umejaa kioo kizima, shungi jipya.

Yaliyosemwa Eedo alinitafsiria baadaye, zaidi ya mara moja. Rosaria alisema kwamba kitambaa hiki hakiwezi kuwa kile, kwa kuwa kile kiliungua. Signora Ines aliwaambia wanawake wote, na padre, kwamba alikipiga pasi mwenyewe akakiunguza, mzee mzembe. Wakamsema mwaka mzima. Akakaa akadarizi kingine kwa macho yake mabovu, masuke na zabibu, na ndicho hicho kilicho juu ya altare mpaka leo, na ukitazama vizuri zabibu zake hazilingani. Kisha akafariki. Eedo alikuwa na njia ya kutokea pale, nataka mlione hilo. Angeweza kusema ndiyo, hiki ni kingine, ni zawadi. Mji wote uliamini kiliungua, na aliyedai kukiunguza yuko kaburini hana la kusema. Nilimwona kwenye kioo akiiuma midomo yake. Kisha akasema, na hilo nililielewa hata mimi, *Sono io. Ni mimi. Nilikichukua mimi.* Akasema kuhusu sanduku, na mtoto aliyepamba, na biriani, akieleza kwa mkono mmoja ukubwa wa sinia. Mama Beni nyuma ya simu alikuwa anapenga kamasi.

Rosaria hakumwambia amesamehewa. Hakumkumbatia mtu. Alisukuma ndoo kando kwa mguu, akanipa ncha moja ya kitambaa, yeye akashika nyingine, tukapanda ngazi tatu za altare. Akakunja kitambaa cha Signora Ines mpaka nusu, tukatandaza kile cha Eedo chini, tukakivuta kikakaa, kisha akarudisha kile cha Ines juu yake. Altare huvaa kitambaa zaidi ya kimoja, sikuwa nalijua hilo. Doa likaingia gizani chini ya zabibu zisizolingana. Rosaria akapangusa mikono kwenye aproni, akaichukua simu kutoka kwangu, akaisogeza karibu kabisa na uso wake. "Ulikosa zamu nyingi," akamwambia Eedo.

"Kona ya kushoto imekunjamana," Eedo akajibu.

Rosaria akatazama, akanyoosha. Kisha Eedo akaniita mimi, akasema nisimwonyeshe altare tena, nigeuze simu kwenye mlango wa bahari. Ulikuwa umefungwa, mbao nyeusi, chumvi imeganda kwenye bawaba. "Bega," akasema. Nikaweka bega. Haukusogea. "Si hivyo, umeshasahau? Chini, karibu na bawaba." Nikashuka, nikasukuma, ukalia kama ng'ombe, ukafunguka, na mwanga ukaingia mpaka kwenye viti, na merikebu darini zikaanza kuzunguka polepole kwa upepo. Nikaishika simu ielekee nje, bandari, maji, mtu mmoja akiosha boti. Eedo akatazama mpaka boti ikamalizwa kuoshwa. "Basi," akasema. "Uache wazi ukauke." Nilikuwa na siku saba zimebaki. Kesho yake nikapanda basi la asubuhi.

Nafasi ya nyumba ya wazee ilipopatikana, Fowsia alinikuta kwenye sofa yangu, akaikataa nafasi ile. Nilikaa na Eedo mpaka alipofariki mwezi uliopita, kwanza kwenye sofa, kisha kwenye nyumba yangu mtaa wa nyuma, na kila Idi Fowsia alipouliza, kitambaa kilikuwa kwa dobi.

Sasa tulikuwa jikoni Lozells, yeye anaosha, mimi nafuta, na nilimweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Alifunga bomba katikati. "Mimi ndiye niliyefungua lile sanduku," akasema.

"Najua."

"Angeniambia tu. Nilikuwa mtoto, ningelia siku moja ningesahau."

"Alisema ulikuwa umetabasamu."

Fowsia akabaki amesimama, maji yanamchuruzika viwikoni. Sebuleni binti yake akapaza sauti, "Mum, where does this plastic thing go?" akiulizia ile nailoni iwekwe wapi. "Na doa lilitoka?" Fowsia akaniuliza.

"Halikutoka lote. Limebaki kidogo, upande."

Akaguna. Akajifuta mikono, akaenda sebuleni akamnyang'anya mtoto ile nailoni ya maua, akapiga magoti, akaanza kuifuta taratibu, kona kwa kona, kama kitu cha kuazima.